Nimehamia Nungwi kikazi: je, parokia yangu ni ipi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nafanya usafi wa vyumba hotelini Nungwi, mwaka wa pili sasa. Nikipata ofu Jumapili napanda daladala ya 116 kwenda mjini kusali. Nisipopata, ndiyo basi tena. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu abatizwe katika kanisa moja ninalosali. Nikaambiwa mimi si wa pale, nilete barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya waamini wa mtaani kwangu. Jumuiya sina. Nilipojifungua hakuna Mkristo aliyejua. Aliyeniletea uji wa pilipili manga siku saba mfululizo ni bibi jirani, Mwislamu. Sasa nauliza, Mungu si mmoja? Parokia ya nini?

JIBU: Milele na milele, amina. Hongera ya mtoto, binti yangu.

Nianze na sheria, maana ndiyo fupi. Kanuni ya 515 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaiita parokia jumuiya ya waamini iliyokabidhiwa paroko. Habari ya mipaka ya eneo inakuja baadaye, kanuni ya 518. Halafu kanuni ya 102: ukikaa mahali miezi mitatu, au ukifika kwa nia ya kukaa miezi hiyo, umekwisha kuwa na makazi pale, hata kama kwenu ni Mwanza, na makazi hayo ndiyo yanayokupa paroko wako. Kwa hiyo tangu ulipotimiza miezi mitatu Nungwi, kuna padre mwenye dhamana juu yako, ujue usijue, naye ajue asijue. Hukuhitaji kuomba uanachama kwa mtu.

Na ile barua? Ni utaratibu, una faida yake. Kwa kawaida mtoto hubatizwa parokiani kwa wazazi wake, na padre anataka kujua ni nani atakayemlea katika imani. Lakini aliyekurudisha nyumbani bila kukuuliza unakaa wapi, wala kukuonyesha uende kwa nani, aliitazama karatasi asikutazame wewe. Naandika hivi nikijua kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumrudisha mtu namna hiyo, Jumapili moja, nina haraka ya Misa ya pili.

Sasa lile la maana zaidi. Neno parokia asili yake ni Kigiriki, *paroikia*, na maana yake ni kukaa ugenini, kuishi pahala pasipo kwenu. Mtume Petro analitumia neno hilo hilo anapowaambia Wakristo waenende kwa hofu ya Mungu "katika wakati wenu wa kukaa hapa kama wageni" (1 Petro 1:17). Nikiwaeleza hili waamini wa Unguja huwa wanacheka, maana wengi wao huitwa wabara hata wakiwa na miaka 20 hapa. (Wapo pia Wakristo wa hapa hapa, vizazi na vizazi, na hao hawapendi kusahauliwa, nimekumbushwa mara kadhaa.) Wewe unaona ugeni wako ndio uliokukosesha parokia. Lugha yenyewe inasema kinyume: parokia ni ya wageni.

Historia yetu ndivyo ilivyo pia. Wamisionari Wakatoliki walipofika Unguja mwishoni mwa mwaka 1860, waliokusanyika kwao kwanza hawakuwa watu wenye mitaa na koo zao. Wengi walikuwa watumwa waliokombolewa, waliotolewa bara wakiwa wadogo, wengine hawalijui hata jina la kijiji cha mama yao. Soko la watumwa la mjini lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Mtu wa namna hiyo akibatizwa alipata msimamizi wa ubatizo, na msimamizi huyo ndiye aliyekuwa shangazi na mjomba. Akifa, ni nani wa kumzika? Ni wale aliosali nao. Ukipita Minara Miwili pale Mji Mkongwe, kumbuka kwamba kanisa lile limesimama juu ya ukoo wa watu wasiokuwa na ukoo.

Ndiyo maana uji wako umenichoma. Ile ilikuwa kazi yetu, na tulilala. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka hasa hili: familia chache za karibu, zinazosali pamoja kila wiki, na mmoja akijifungua wenzake wajue kabla ya jua kuchwa. Jumuiya ikibaki kuwa daftari la michango, imekwisha kazi.

Niliwahi kusali na jumuiya moja ya wafanyakazi wa hoteli huko ufukweni. Chumba kimoja cha kupanga, watu wanane mkekani, mmoja bado na aproni ya jikoni. Mshumaa ulisimamishwa ndani ya gilasi ya chai. Tulipokuwa tunaanza wimbo, adhana ya magharibi ikaita. Hakuna aliyesema neno, tukangoja mpaka ikaisha, ndipo tukaimba. Mwenye nyumba, Mwislamu, alikuwa ameitoa baiskeli yake ukumbini ili tupite. Walikutana Jumatano jioni, kwa sababu Jumamosi kwao ndiyo siku ya wageni kuingia na kutoka. Siku haina utakatifu wake, pangeni inayowafaa.

Usifikiri basi kwamba ukiipata jumuiya ndiyo umeachana na bibi jirani. Yeremia aliwaandikia waliokuwa ugenini Babeli: "Kautakieni amani mji ule", kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani (29:7). Shehia yako ndiyo mji huo. Bibi akiugua, nawe uwe na kikombe mkononi.

Kuhusu mtoto: uliza hotelini kwako na za jirani, wanaosali hawakosi, nao watakupa namba ya katekista au ya paroko. Kama nyinyi ni wawili watatu tu, mwambieni paroko awaanzishie jumuiya. Chukua cheti chako cha ubatizo. Tafuta msimamizi mmoja aliyepata kipaimara, aliyetimiza miaka 16. Ukisema huna cha kutoa, usirudishwe. Kanuni ya 848 inakataza maskini kunyimwa sakramenti kwa umaskini wake. Bibi hawezi kuwa msimamizi, ila anaweza kukaa kiti cha mbele, akipenda. Mweleze siku mapema. Na ikiangukia Ramadhani, pilau ingoje magharibi.