Kishikwambi cha Bei Mbaya au Laptopu? Niambieni Kwanza Kazi Yenu

Wiki hii nimeweka kando maswali ya simu na ya intaneti za nyumbani. Barua nyingi zilizonifikia zinazunguka jambo moja: mtu ana fedha ya kununua kifaa kimoja cha maana, naye yuko njia panda kati ya laptopu ya daraja la juu na kishikwambi cha daraja la juu. Walioandika "ipi kali?" bila kusema wanataka kuifanyia nini, jibu la kwanza ni lao.

Kaka, fedha ipo. iPad Pro ya inchi 13 au MacBook Air, ipi bora? (Kijana, Sinza)

Bora kwa kazi gani? Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linaletwa likiwa uchi vilevile.

Kwa kuwa hukutaja kazi, nakupa hesabu. iPad Pro ya inchi 13 yenye chipu ya M4 ilitoka Mei 2024, na bei yake huko Marekani ilianzia dola 1,299. Hapo umenunua kioo tu. Kibodi yake ya Magic Keyboard ilikuwa dola 349, kalamu ya Apple Pencil Pro dola 129. Jumla dola 1,777. MacBook Air ya inchi 13 yenye chipu ya M4 ilitoka Machi 2025 kwa dola 999, kibodi ikiwa mwilini mwake na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16. iPad Pro ile ya dola 1,299 ina RAM ya GB 8. Ongeza usafiri, kodi na faida ya muuzaji mpaka mzigo ufike Samora au Mlimani City, na pengo hilo haliwezi kupungua.

Wanaokusifia wepesi wa iPad wanaipima bila kibodi. Ivishe kibodi yake, uzito unaikaribia MacBook Air, ambayo ni kilo 1.24.

Nakubali kwamba iPadOS 26, mfumo endeshi wa iPad uliotoka Septemba 2025, umeleta madirisha unayoweza kuyapanga na kuyapanua kama kwenye kompyuta, na ni hatua nzuri. Lakini madirisha hayaleti programu ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya iPad. Chukua karatasi, andika kila programu ambayo bosi, chuo au mteja anakulazimisha kuitumia. Ikiwa hata moja haipo kwenye kishikwambi, au ipo lakini imekatwa miguu, mjadala umekwisha: nunua laptopu. Ikiwa zote zipo na zimekamilika, ndipo uniandikie tena, na utaje kazi.

Shikamoo kaka. Nimechaguliwa kusoma usanifu majengo. Baba ameniahidi iPad Pro kwa sababu ameona watu wanaichorea ramani. Itanitosha? (Makongo Juu)

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Jibu hili mpe baba alisome mwenyewe.

Mzee wangu, nia yako ni njema, lakini fedha hiyo usiitoe kabla ya kulijua hili. Revit, programu ya kusanifu majengo ambayo ofisi nyingi za wasanifu zinaitegemea, inafanya kazi kwenye Windows pekee. Haipo kwenye iPad, na haipo kwenye Mac. Lumion, inayotoa zile picha za jengo likiwa na miti na magari, nayo ni ya Windows. ArchiCAD, mshindani wa Revit, ina toleo la Windows na la Mac. AutoCAD ya kishikwambini ipo, ila ni ya kutazama mchoro ukiwa saiti na kurekebisha vitu vidogo vya 2D. Hakuna mwalimu atakayepokea mradi wa mwaka wa tatu uliofanywa kwayo.

Kinachomfaa mwanao ni laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 16 au zaidi, kadi ya michoro inayojitegemea na diski ya kasi ya SSD ya GB 512. Haitapendeza machoni kama iPad, na chaja yake ni nzito. Itamvusha mpaka digrii. Skechi za mwaka wa kwanza bado zina penseli, rula na karatasi, na kwa hizo hakuna haja ya kioo cha mamilioni.

Na wewe mdogo wangu, hukuniuliza lakini nakuambia: usikubali AutoCAD ya kunyonywa kutoka kwenye fleshi ya mwenzako. Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, wanawapa wanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja, unaihuisha kila mwaka ukithibitisha kwamba bado unasoma. Virusi vinavyopanda kwenye programu za kunyonya ndivyo vinavyofuta kazi za watu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ndogo hapa Ilala. Naweza kuachana na laptopu nibaki na kishikwambi?

Hapana. Excel ya kishikwambi haiendeshi makro (zile amri zinazojiendesha zenyewe), na TallyPrime, programu ya uhasibu, ni ya Windows.

Habari za kazi. Kishikwambi nilichogawiwa baada ya Sensa ya 2022 kimechoka. Kikoba chetu tunavunja mwezi ujao, na ninaifikiria Galaxy Tab S10 Ultra kwa ajili ya maazimio ya kazi na kutunga mitihani. (Mwalimu wa sekondari, Mbagala)

Nzuri, mwalimu. Hiyo Tab unayoitaja ni kifaa kizuri kweli. Kioo chake ni cha inchi 14.6, na kalamu ya S Pen inakuja ndani ya boksi bila kuongeza senti. Lakini hebu tuitazame kazi yako. Wewe unaandika, unapanga majedwali, unaingiza milinganyo na michoro, kisha unakwenda steshenari kuchapa nakala za darasa zima. Word ya simu na vishikwambi haina zana zote za Word ya kompyuta. Mtihani wa Fizikia ulioupanga kwenye kishikwambi unaweza kufunguka kwa mwenye steshenari swali la tano likiwa limehamia ukurasa wa pili na mchoro wake umebaki nyuma.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Microsoft inakuruhusu kuhariri nyaraka bure kwenye vifaa vya mkononi ikiwa kioo hakizidi inchi 10.1. Kikizidi hapo, unatakiwa kulipia Microsoft 365. Kwa hiyo kishikwambi kikubwa unakilipia dukani, kisha unaanza kulipia tena ili uandike.

Nunua laptopu ya ofisi iliyotumika vizuri, yenye SSD na RAM isiyopungua GB 8. Ukipata GB 16 ni bora zaidi. ThinkPad za Lenovo na Latitude za Dell ni imara na mafundi wa mjini wanazifahamu. Fedha itakayobaki iache benki. Gawio la kikoba ni jasho la mwaka mzima, nami sipendi kuona walimu wetu wanalimimina lote kwenye kioo ambacho kikipasuka hakuna fundi wa Mbagala mwenye kipuri chake. Kile cha Sensa kisafishe mafaili, kitumie kusomea PDF.

Nachora vibonzo na vielelezo vya vitabu vya watoto. Wenzangu wananiambia laptopu ndiyo kazi, mimi moyo uko kwenye kishikwambi. (Kigamboni)

Fuata moyo, dada. Hapa kishikwambi kinaishinda laptopu yoyote, kwa sababu mkono wako ndio kazi yenyewe. Procreate, programu ya kuchorea, unailipia mara moja tu, haina ada ya mwezi, na ni ya iPad; kwenye Mac, Windows na Android haipo. Ukipendelea Samsung, Clip Studio Paint itakufaa, kalamu inakuja bure, na Tab S9 na S10 Ultra zimekingwa maji kwa kiwango cha IP68. Kinga hiyo hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni habari nyingine, na wewe unavuka na kivuko kila siku, kwa hiyo tafuta kava linaloziba.

Mambo mawili tu yaangalie. La kwanza ni kalamu. iPad Pro ya M4 haipokei Apple Pencil ya kizazi cha pili; inataka Pencil Pro au ile ya USB-C, na hiyo ya USB-C haihisi nguvu ya mkono, kwa hiyo kwa mchoraji haifai. Kuna maduka yatakufungia kalamu isiyoendana kwa sababu ndiyo iliyobaki kabatini. Ijaribu palepale, chora mstari mwembamba kisha ukandamize, uone kama unanenepa.

La pili ni ukubwa wa kazi. Mchoro wa Procreate umeundwa kwa nukta, ukiuvuta ujaze bango la barabarani unapasuka. Mteja wa mabango atataka faili la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kupasuka, na wachapishaji wengi mjini wamezoea CorelDRAW na Illustrator. Ukianza kupata wateja hao, ongeza laptopu ya kawaida. Mpaka siku hiyo, hifadhi kazi zako kwenye SSD ya nje kila wiki, maana kishikwambi kikiibwa na kazi zote zimo humo, wasomaji wako wadogo hawatakiona kitabu.

Nimeona MacBook Pro ya 2017 Mtaa wa Aggrey, bei poa, inang'aa kama mpya. Nichukue?

Usichukue! Na ninyi mnaoniuliza kuhusu za 2016, 2018 na 2019, jibu ndilo hilo, tafadhali lisomeni mpaka mwisho.

Mashine hizo, isipokuwa ile ya inchi 16 ya mwisho wa 2019, zina kibodi ya kipepeo, yenye vitufe vyembamba mno. Chembe ya vumbi inatosha kukwamisha kitufe, na Dar ina vumbi. Kitufe kikifa hubadilishi kitufe, unabadilisha sehemu yote ya juu pamoja na betri iliyogandishwa humo. Zaidi ya hayo, ya 2017 inaishia kwenye macOS Ventura, mfumo endeshi wa Mac wa mwaka 2022. Apple wenyewe wametangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye chipu za Intel. Unauziwa mng'ao wa bati. Ukitaka Mac iliyotumika, anzia MacBook Air ya M1 ya Novemba 2020, si chini ya hapo.

Ukiipata, kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, kisha iunganishe na intaneti ya simu yako na uianzishe upya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, rudisha. Ikionyesha ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni au shule fulani ya ng'ambo, rudisha pia. Hiyo iliondoka kwa mwenyewe bila kufunguliwa, na siku yoyote inaweza kukufungia nje. Fundi atakayekuambia "hiyo tunaipiga chini dakika tano" anaificha tu mpaka utakapoifuta tena. Tazama idadi ya mizunguko ya betri. Dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Ikizua matatizo, risiti ndiyo shahidi wako pekee. Muuzaji anayekupunguzia bei ili usidai risiti anajua anachokuuzia.

Core i7 si inatosha tu?

Core i7 ya mwaka gani? Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida kizazi cha nane kwenda mbele. i7 ya kizazi cha sita imepitwa na i5 ya kizazi cha nane. Soma namba inayofuata baada ya "i7", ndiyo inayokuambia kizazi. Nimechoka kuona watu wanalipia herufi moja na tarakimu moja.

Kwa nini nisinunue Surface Pro ikawa vyote viwili? (Mwanasheria, Upanga)

Kwako, wakili, naona ni chaguo la busara. Unasoma mafaili marefu, unaweka alama kwa kalamu, unapakia nyaraka kwenye mfumo wa mahakama, na ndani yake ni Windows kamili. Kibodi na kalamu vinauzwa kando, vihesabu mapema. Tahadhari yangu ni kwa matoleo ya 2024 yenye chipu za Snapdragon: betri inakaa sana, lakini printa na skana za zamani ambazo hazina dereva (programu ya kuziendesha) za Arm, aina ya chipu hizo, zinaweza kukataa kabisa. Kama ofisini kuna skana ya miaka kumi ambayo kila mtu anaitegemea, ijaribu kwanza. Na usiiache ndani ya gari hapo nje ya Mahakama ya Kisutu. Watengenezaji wa vifaa hivi huweka ukomo wa joto la kutumia karibu nyuzi 35, na gari lililofungwa juani mwezi Februari linavuka hapo upesi sana. Betri inavimba, nayo inasukuma kioo.

Watoto wangu wawili wa msingi wanataka iPad Pro ya kusomea. (Mama, Tabata)

Mama, wanunulie kishikwambi cha bei ya kawaida chenye kava gumu. Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na havihitaji chipu ya M4 kufunguka.

iPad Pro ya laini au ya Wi-Fi tupu? (Mbezi Beach)

Ya Wi-Fi, kisha uwashe hotspoti ya simu yako. iPad Pro za kuanzia M4 hazina tundu la laini ya plastiki, zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya kielektroniki iliyomo ndani ya kifaa. Ukitaka lazima ya laini, nenda kwanza kwenye duka la mtandao wako ukaulize kama watakuunganishia eSIM kwenye kishikwambi na kwa bando gani, na upate jibu hilo kabla hujalipa tofauti ya bei.