Steki ya Kibrazili nyumbani: acheni kuiua nyama kwa viungo

Dada mmoja wa Muscat ameniandikia juzi kwa hasira. Alinunua supamaketi picanha ya Brazil, yaani pande la nyama ya juu ya nyonga, akailaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi, mtindi na kitunguu saumu cha kusaga, kesho yake akaitupia kwenye kikaango chenye siagi inayochemka. Siagi ikawa nyeusi, kitunguu saumu kikawa kichungu, nyama haitafuniki, mume akaagiza kuku wa nje. "Kaka, hii steki unayotusifia kila siku, unaipika kweli au unapiga picha tu?"

Naipika kweli. Tena Jumamosi iliyopita nimewapikia Wabrazili wenyewe, watu waliokulia kwenye moshi wa nyama, na sahani zimerudi jikoni zimepanguswa kwa mkate. Kwa hiyo leo nina kifua cha kujibu. Mwenye haraka achukue hili aende zake: nyama inapewa chumvi peke yake na moto mkali, siagi na kitunguu saumu vinapikwa kando kwa moto mdogo, vinamwagwa juu mwishoni kabisa. Mwenye nafasi avute kiti.

Nakaa Framingham, Massachusetts, mji ambao ukitembea mitaa ya katikati unaweza kusikia Kireno kabla hujasikia Kiingereza. Wabrazili wengi wa huku asili yao ni jimbo la Minas Gerais, hasa mji wa Governador Valadares na viunga vyake, na ndio ninaopaka nao rangi za nyumba. Mchana wanakula bife acebolado, yaani nyama nyembamba iliyokaangwa na vitunguu maji, pembeni wali na maharage. Mtu wa Moshi kama mimi hahitaji mkalimani hapo. Jumapili ndiyo siku ya churrasco, nyama choma yao. Mara ya kwanza kualikwa nilibeba bakuli langu la viungo: pilipili manga, binzari, tangawizi, ndimu, kila kitu kimeshasagwa, nikijua naenda kuwafundisha watu kuchoma. Mwenyeji, fundi mwenzangu, alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka juu ya friji. Likakaa pale mpaka naondoka.

Akachukua pande la picanha, akafungua mfuko wa chumvi nene ya bahari, akaipaka kwa kiganja pande zote, akaikung'uta ile iliyozidi, akaisimamisha motoni upande wa mafuta. Nikakaa nasubiri hatua inayofuata. Haikuja. Mafuta yalianza kudondoka kwenye mkaa, moshi ukapanda, naye akawa anaongea habari za mpira huku akigeuza mara mojamoja. Ilipoiva alikata vipande vyembamba kwenye ubao, akanipa cha kwanza kwa ncha ya kisu. Nyie, nilinyamaza.

Desturi hiyo kwao ni ya kusini, Rio Grande do Sul, kwa wachunga ng'ombe wanaoitwa gaúcho, waliokuwa wakichoma nyama malishoni kwa kuni na chumvi. Leo ni fahari ya jimbo zima: mwaka 2003 walitunga sheria ya kuitangaza churrasco kuwa chakula chao cha asili. Na picanha yenyewe ni siasa. Kwenye kampeni za urais za 2022 Lula alizunguka akiwaahidi Wabrazili kwamba watarudi kula picanha na kunywa bia. Sijamsikia bado mgombea wa kwetu akiahidi sehemu maalumu ya ng'ombe.

Mzee wa Kigaúcho akikukuta na siagi atanuna, nakubali. Lakini kwenye churrascaria, zile hoteli ambazo wahudumu wanapita meza kwa meza na mishikaki mirefu wakikukatia papo hapo, picanha ao alho, yaani ya kitunguu saumu, ni kitu cha kawaida kabisa. Na sisi tunaopika kwenye jiko la umeme ghorofani, ambako mkaa kwenye baraza ni marufuku, siagi ya kitunguu saumu inaziba pengo la moshi. Hiyo ndiyo steki ninayoizungumzia.

Sasa niwaambie jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka nyumbani. Nikataka mzazi ajue binti yake hakuolewa na mtu wa mkate na mayai. Nikanunua picanha kilo moja na robo, ikaiva vizuri, rangi ya nje kahawia, katikati waridi, siagi inang'aa juu, vipande vya kitunguu saumu vya dhahabu. Nikaitenga mezani mwenyewe. Mama akaitazama kwa muda.

"Baba Neema, asante sana baba. Ila hii nyama bado."

"Imeiva, mama. Ndivyo inavyoliwa."

"Naona damu, baba."

Akainuka taratibu, akakusanya sahani zote, na ya kwangu akaichukua uma ukiwa bado mkononi mwangu, akaingia jikoni. Nikasikia maji yakimiminwa sufuriani. Nikasikia nyanya zikikatwa. Mama Neema akawa anatazama dari, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Saa nzima baadaye tulikula mchuzi wa picanha na ndizi. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Lakini picanha ya bei ile kuchemshwa na nyanya! Mkwe hagombani na mama mkwe, nikasema "ahsante mama" na nikaongeza mchuzi.

Ile haikuwa damu. Damu inamwagika machinjioni. Ule wekundu ni mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye msuli, ikichanganyika na maji ya nyama yenyewe. Nyama ikifika nyuzi joto 55 katikati bado ni nyekundu na laini. Ikifika 63 ni waridi hafifu, na hicho ndicho kiwango ambacho serikali ya Marekani inashauri kwa steki, halafu ipumzike dakika tatu. Ikipita 70 imekuwa kijivu na maji yake yamekwenda. Nilimweleza mama haya siku iliyofuata, kwa adabu zote. Akanijibu, "Sawa baba, wewe umesoma." Nadhani mnaijua hiyo sauti.

Ajabu ni kwamba siagi aliipenda. Kabla ya kuondoka alikuwa akiniagiza nimpikie "yale mafuta ya vitunguu" peke yake, anachovya ugali. Kwa hiyo mimi sishindwi kabisa.

Turudi kwa dada wa Muscat na wote wanaoniambia nyama ya kwetu ni ngumu kwa sababu ng'ombe wetu ni wa nundu. Jamani. Ng'ombe wa Brazil ni wa nundu vilevile. Wengi wao ni Nelore, uzao uliotoka India, weupe, wana nundu na ngozi iliyolegea shingoni kama hawa wetu. Nundu yenyewe wanaila, wanaiita cupim, inaokwa polepole mpaka ilegee. Tatizo la kwetu mara nyingi si ng'ombe, ni haraka. Ng'ombe amechinjwa alfajiri, saa nne nyama iko kwenye kikaango. Msuli ukishakufa unakakamaa kwanza, halafu vimeng'enya vyake vyenyewe ndivyo vinavyoulegeza, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa kwenye baridi. Nunua, ifunge vizuri, iweke kwenye friji siku mbili tatu, ndipo upike. Usiiweke friza, huko inaganda tu na kazi inasimama. Dada, ya kwako imesafiri kutoka Brazil, kama haikugandishwa imeshalegea muda mrefu. Ndimu na mtindi za usiku kucha ndizo zilizoiharibu: asidi inapika nyama kwa juu mpaka inakuwa tope, na ule unyevu wote unazuia isipate rangi. Nyama yenye maji haikaangiki, inachemka.

Kwa walioko Dar au Nairobi ambako bucha hazikati picanha, mwoneshe muuza nyama kwa mkono wako mwenyewe: juu ya nyonga, karibu na mkia, pande la pembetatu lenye tabaka la mafuta upande mmoja. Lisizidi sana kilo moja na robo. Likizidi, amekuongezea nyama ya paja, na hiyo ndiyo ngumu. Na mwambie asikwangue mafuta! Wanapenda sana kuyakwangua wakidhani wanakusaidia. Mafuta yabaki unene wa kidole chembamba, ndiyo ladha yenyewe. Ukikosa kabisa, chukua steki yoyote nzuri, maisha yaendelee.

Kata steki nene, vidole viwili, ukifuata nyuzi za nyama. Hapa watu hushangaa, wanasema si tulifundishwa kukatiza nyuzi? Kukatiza kunakuja baadaye, mezani, ikishaiva. Ukifuata nyuzi sasa, kila kipande utakachokata kwenye sahani kitakuwa kimezikatiza. Ifute kwa tishu za jikoni mpaka iwe kavu. Chumvi nene, hiyo ya mawe, pande zote, kabla tu ya moto. Pilipili manga kama lazima, mwishoni.

Kikaango kizito cha chuma, kipate moto mpaka tone la maji liruke. Fungua madirisha, king'ora cha moshi hakina utani. Jengo letu zima limewahi kushuka ngazi kwa ajili ya picanha yangu, watu na watoto wao na mbwa wao. Simamisha steki zote upande wa mafuta kwanza, uzishike kwa koleo. Mafuta yatatoka yenyewe, na hayo ndiyo ya kukaangia, hakuna haja ya kuongeza. Yakishakuwa ya dhahabu, zilaze, dakika tatu hivi kila upande. Usizibonyeze. Usizichome kwa uma kuangalia kama zimeiva. Nunua kipima joto cha nyama, ni bei ya chini kuliko steki utakayoiharibu. Zitoe nyuzi joto tano kabla ya pale unapotaka, maana zinaendelea kuiva zikiwa ubaoni. Ziache zipumzike dakika kama saba. Nasema ziache. Msinililie kwamba mchuzi wote umemwagika ubaoni wakati mmekata nyama ikiwa bado inatoa sauti.

Wakati inapumzika, ndipo siagi. Kikaango kingine, kidogo, moto wa chini. Siagi inaanza kuungua karibu nyuzi joto 150 kwa sababu ya chembe za maziwa zilizomo. Kikaango cha steki kiko mbali sana juu ya hapo. Ndiyo maana ya dada iligeuka lami. Gramu 60 za siagi zinatosha steki nne. Punje sita za kitunguu saumu, uziponde kwa ubapa wa kisu, uzikate kate, uziache dakika chache zikusanye harufu, ndipo uzitie. Koroga usiondoke. Hapa usijibu simu. Zikianza tu kuwa na rangi ya majani makavu, epua, maana joto la siagi litazimalizia zenyewe. Ukisubiri dhahabu kamili motoni, utakula uchungu. Narudia kwa sababu najua mtanirudia: epua mapema. Chumvi kidogo, majani ya giligilani na ya vitunguu, mwaga juu ya nyama.

Na nyie wa samli, ambao mmezaliwa nayo nyumbani, mna bahati ambayo hamuijui. Samli haina zile chembe za maziwa, inavumilia moto mkubwa. Kaskazini-mashariki ya Brazil wana kitu hichohicho, manteiga de garrafa, siagi iliyochujwa inayowekwa kwenye chupa, wanaimwagia carne de sol, nyama yao ya chumvi iliyokaushwa kidogo. Samli ya Oman ikishikana na kitunguu saumu juu ya steki, dada, sijui nikwambie nini. Anza na hiyo kabla ya siagi ya pakiti.

Pembeni weka kachumbari. Wao wanaiita vinagrete, nyanya, vitunguu na pilipili hoho ndani ya siki na mafuta, tofauti na yetu ni ndogo. Farofa ndiyo inayosumbua watu. Ni unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi, unanyunyiziwa juu ya nyama unyonye mafuta. Usitumie unga wa muhogo wa ugali, ni laini mno na ni mbichi, utapata gundi. Wao muhogo wanaukuna, wanaukamua, wanauchoma kwenye sinia pana mpaka unakuwa chenga. Gari, ule unga wa muhogo wa chenga wa Waafrika Magharibi, inakaribia sana, tafuta kwenye maduka ya Waafrika. Kaanga kitunguu maji kwa kijiko cha siagi, tia gari kikombe kimoja na chumvi, koroga dakika tano mpaka inukie. Iandae mapema kabla ya nyama, inakaa vizuri ikiwa imepoa.