Sabufa Haipimwi kwa Macho

Kazi yangu ni kupima sabufa na kuziandikia, na juzi msomaji wa Uyole, hapa Mbeya, kanitumia ujumbe: "Kaka, ile sabufa uliyoiponda nimeisikiliza dukani Mwanjelwa, inapiga hatari. Au umelipwa?" Sijalipwa, mdogo wangu. Neno hilo hata mwenye duka mmoja hapa mjini alilisema mbele ya wateja, na hadi leo nikipita kwake salamu ni ya kulazimishana.

Dukani kila kitu kinapiga hatari. Muuzaji ile anayotaka iondoke anaifungulia, nyingine anaipunguza kidogo. Sauti ikizidi hata desibeli moja tu, sikio linaiona ndiyo tamu. Kwa hiyo mimi nasawazisha kwanza: simu yenye programu ya kupima desibeli naiweka pale ninapokaa, napiga mvumo uleule kwenye kila sabufa mpaka namba zilingane.

Halafu pazia. Nilizificha mbili nyuma ya kitenge sebuleni, nikaita majirani, shemeji akawa anabadilisha nyaya bila kusema lolote. Zile taa za rangi rangi hazikuonekana. Wakachagua ile ndogo, nyeusi, isiyo na mbwembwe. Kitenge kilipoondolewa jirani mmoja akabisha, eti nimezibadilisha! Raha niliyopata siku ile sina haja ya kuificha. Wala si ushamba wetu: mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba wasikilizaji, wazoefu wakiwemo, walibadili maksi walipoziona spika.

Sasa nyie mnaotaka kupima vifaa vya watu, nisikilizeni. Sawazisha sauti. Funika. Zote zikae mahali palepale, maana kona ya ukuta inaongeza besi. Mvua ikianza kupiga bati, na huku kwetu inapiga kweli, zima ukanywe chai. Usitegemee nyimbo za besi tu. Weka kwaya, weka taarifa ya habari, sauti ya mtu nayo huumbua spika. Na wati za kwenye boksi achana nazo. Boksi linajigamba PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kufumba na kufumbua, wati 15,000, wakati plagi ya ampea 13 kwenye volti 230 haifiki wati 3,000. Geuza nyuma, soma kibandiko kinachosema inakula wati ngapi.

Ukipewa bure, sema umepewa. Sawazisha, narudia. Na pima pia kwa sauti ya chini, ile ya saa nne usiku watoto wamelala. Hapo masikio yenyewe hupoteza besi hata spika ikiwa nzuri, hivyo usiipe maksi kwa kipimo hicho peke yake.