Dawa ilimkuta nani?

Jedwali langu la kwanza lilitoka kwenye rejesta za wodi ya watoto, na lilionyesha kwamba waliochomwa sindano ya seftriaksoni, antibiotiki, walikufa zaidi kuliko waliopewa amoksilini ya kunywa. Nikampelekea msimamizi kwa mbwembwe. Hesabu hata hakuitazama. "Mtoto anayecheka na aliyezimia, nani anachomwa sindano?" Nikarudi kwenye rejesta kichwa chini. Wengi wa waliochomwa waliletwa usiku, wana degedege au wameshindwa kunyonya. Sindano iliwakuta wameshazidiwa.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza epidemiolojia ya dawa, yaani kuchunguza dawa zinavyofanya kazi na kudhuru kwa watu wengi, programu ya takwimu iacheni kwanza. Anzeni na nani alipewa, lini, na kwa nini yeye na si jirani yake wa kitandani.

Halafu ulizeni: kati ya wangapi? Fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa inakuletea waliodhurika. Waliomeza wakabaki salama hawamo. Ndiyo maana naupenda uchunguzi wa Tsepamo wa Botswana. Wakunga waliwakagua watoto wote waliozaliwa katika hospitali zilizohusika, walio hai na wafu, kwa hiyo jumla ilijulikana. Mwaka 2018 walikuta watoto 4 wenye kasoro za ubongo na uti wa mgongo kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegraviri, dawa ya VVU: karibu asilimia 0.9, wakati kwa ARV nyingine ilikuwa kama 0.1. Kenya na nchi nyingine zikawawekea masharti wanawake wa umri wa kuzaa. Kufikia 2019 walikuwa 5 kati ya 1,683, asilimia 0.3, na WHO ikaipendekeza dawa hiyo kwa wote. Watoto walivyozidi kuhesabiwa baada ya hapo, tofauti ikayeyuka. Wapo wanaowacheka waliotoa tahadhari ile. Mimi siwacheki, ningewaogopa kama wangenyamaza. Ila chukua kalamu, mtoe mtoto mmoja kwenye wale 4, uone asilimia inavyoshuka.

Na mara mojamoja tokeni ofisini mwende majumbani. Bibi mmoja, ambaye kwenye rejesta yetu hakuwahi kukosa dawa za presha, alivuta mfuko uvunguni akanionyesha: vidonge vya miezi mitatu, karatasi hazijachanwa. Alikuwa anavichukua kila mwezi ili nesi asimgombeze.