Viatu vya matairi: mmeuliza, nakujibuni

Sikukuu imepita, watoto wamenunuliwa viatu vya matairi, vile vya kuteleza vyenye vigurudumu vilivyopangwa mstari mmoja chini, na maswali ndo haya.

*Mwanangu kaanguka akaegemea mkono, eksirei ikasema hakuna kitu, sasa wiki ya pili bado analalama. (Mama, Mpendae)*

Mrudishe dada yangu, tena leo. Mtu akianguka mbele anatanguliza viganja bila kufikiri na uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono, ndo maana hapo ndo watu wanapoumia zaidi kwenye mchezo huu. Sasa kuna kimfupa upande wa kidole gumba kinaitwa skafoidi, ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya mwanzo, unakuja kuonekana baada ya siku 10 mpaka 14. Mwambie anyanyue kidole gumba juu kabisa, chini yake patatokea kishimo, bonyeza taratibu, akiruka mwambie daktari hivo hivo. Kimfupa hicho damu yake chache, kikiachwa chaweza kisiunge kabisa. Na msimpeleke kukandwa, nakujueni nyie.

*Helmeti peke yake si inatosha? (Kijana, Chake)*

Helmeti lazima, lakini haikusaidii mkono. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1996 ulikadiria wasiovaa kinga za vifundo vya mikono wana hatari kama mara 10 ya kuumia hapo kuliko wanaovaa. Kile kiplastiki kigumu cha kiganjani kinateleza kwenye lami badala ya kunasa. Na kwa vilima vyenu vya Chake jifunze breki kwanza pahala tambarare: iko kisiginoni, aghalabu mguu wa kulia, peleka mguu huo mbele, nyanyua vidole, kunja magoti.

*Naweza kuteleza na baibui?*

Waweza, ila si lile la kuburura. Pindo likiingia tairi la mbele kiatu kinasimama na wewe unaendelea na safari. Libane juu ya kifundo cha mguu, suruali ndani, ncha za mtandio zichomeke.

*Kushika daladala nyuma je?*

Hapana. Abiria akigonga bati dereva anakanyaga breki, wewe uso kwenye bati.

*Goti limechubuka, nipake dawa ya meno?*

Ya meno ni ya meno bwana. Osha kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, maana ukibaki ngozi inafunga juu yake na lile doa jeusi halitoki tena. Kidonda kikiwa kichafu na sindano yako ya mwisho ya pepopunda imeshapita miaka 5, nenda kachome.