Kumuaga mstaafu wa shule: mwalimu, mpishi na mlinzi

Anza na tarehe, maana hapo ndipo shule nyingi hujikwaa. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Miaka hiyo huhesabiwa kwa tarehe yake ya kuzaliwa, haifuati kalenda ya masomo. Mwalimu wa Hisabati anaweza kumaliza utumishi katikati ya Machi huku darasa la saba likimtegemea, na mwenzake akamaliza Julai 1. Wa Julai 1 ni wengi, kwa sababu watu wa rika lile walijua mwaka waliozaliwa bila kujua siku. Shule ikisema "tutamuaga kwenye mahafali", mstaafu wa Machi atakuwa amekwisha kabidhi nyumba ya shule na kuhamia kwao, na kumrudisha kunakuwa gharama nyingine.

Kwa hiyo kila Januari mwalimu mkuu apitie orodha ya watumishi na kuandika majina ya wanaofikisha 60 mwaka huo na mwaka unaofuata. Sherehe iwekwe ndani ya wiki tatu za mwisho za utumishi, siku ambayo wanafunzi wapo shuleni. Epukeni Septemba ya mtihani wa darasa la saba, na kwa sekondari Novemba ya kidato cha nne.

Kamati ya watu watano inatosha: mwalimu anayemfahamu mstaafu kwa karibu, mtunza fedha, msimamizi wa chakula, mjumbe wa kamati ya shule, na mtumishi mmoja asiye mwalimu. Huyu wa mwisho msimuache. Ndiye atakayewakumbusha kwamba mpishi naye anaondoka mwezi uleule.

Fedha zina mipaka yake. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, hakuna sababu ya kumtuma mtoto nyumbani akalete mchango wa kumuaga mwalimu, na ruzuku ya uendeshaji ina mafungu yake, isiguswe. Zinazobaki ni mifuko ya watumishi, wazazi wanaotoa kwa kupenda, na wanafunzi wa zamani. Watumishi 25 wakitoa shilingi 10,000 kila mshahara kwa miezi miwili, mna 500,000 bila mtu kuumia. Wanafunzi wa zamani hutoa vizuri wakiambiwa mapema; tangazo la wiki moja kabla huwakuta wamekwisha panga mshahara wao. Kwenye kundi la WhatsApp wekeni majina ya waliotoa bila viwango, kwani viwango huwanyamazisha wenye kidogo. Pesa zote ziingie namba moja, na watu wawili waione taarifa yake kila wiki.

Nusu ya pesa iende kwenye zawadi, theluthi kwenye chakula, kinachobaki kiwe cha viti, turubai na spika. Zikipungua, kateni muziki na mapambo kwanza. Zawadi iwe ya mwisho kuguswa.

Katika kugawa zawadi, tazameni mtu anakokwenda kuliko cheo alichokuwa nacho. Mwalimu ana mafao: mkupuo na pensheni ya kila mwezi. Mpishi na mlinzi wa shule nyingi za msingi hulipwa kwa michango ya wazazi, hawamo kwenye mfuko wowote, na siku wanayoondoka ndiyo siku kipato kinapokatika. Kumpa mwalimu jokofu na mpishi khanga moja ni kuwasoma vibaya wote wawili. Tunashauri mpishi apewe fedha taslimu, au kitu kitakachomwingizia pesa: mbuzi jike wawili, cherehani, au sufuria kubwa na jiko kama anataka kuuza chakula. Aulizwe yeye mwenyewe. Zawadi ya kushtukiza inafaa siku ya kuzaliwa. Huyu anahesabu maisha yake upya.

Kwa mwalimu, makochi ndiyo zawadi inayopendwa na kamati na kumsumbua mpokeaji. Anatoka kwenye nyumba ya shule, pengine kwenda mkoa mwingine, na makochi hayo yanamwongezea lori. Kama anajenga, mpeni mabati, lakini ulizeni kwanza geji, rangi, na kama ni ya migongo mipana au midogo, kwa sababu ya aina mbili hayalaliani vizuri na paa litavuja kwenye maungio. Simenti msimpe kabla msingi haujachimbwa. Ikikaa miezi mitatu kwenye chumba chenye unyevu inaanza kuganda ndani ya mfuko. Afadhali mlipie dukani kwa risiti, akachukue siku fundi anaanza.

Risala ipewe muda kuliko kitu kingine chochote. Risala nyingi husema: "Alikuwa mchapakazi, mpenda watu na mlezi mwema." Sentensi hiyo inamfaa kila mtu, na mstaafu anaisikiliza akijua kwamba mwaka jana alisomewa mwingine. Kaeni naye saa moja na kalamu. Muulizeni kituo cha kwanza na mwaka alioripoti, alifikaje huko, darasa kubwa kuliko yote alilowahi kufundisha, alivyofanya vitabu vilipokuwa kimoja kwa watoto watano. Linganisheni majibu na faili lake na kitabu cha kumbukumbu za shule, kwa sababu miaka huchanganyika kichwani. Kisha andikeni kwa mfano hivi: "Alikuwa akinakili hadithi ubaoni kabla ya kengele ya kwanza, ili mtoto asiye na kitabu asome sawa na mwenzake." Kurasa mbili zilizochapwa ni kama dakika sita, zisizidi. Mwonyesheni kabla ya siku yenyewe, maana kuna mambo ya faili na ya nyumbani asiyotaka yasomwe hadharani.

Kwa mpishi, risala inaweza kuwa hesabu tu. Shule ya wanafunzi 400, gramu 50 za unga wa uji kwa kila mtoto, ni kilo 20 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 3,880, karibu tani nne kwa mwaka, zote zimekorogwa na mikono yake kwenye moshi wa kuni. Zidisheni kwa miaka aliyofanya kazi, msome polepole. Watoto wanaielewa hesabu hiyo mara moja.

Siku hiyo mpishi anayeagwa asiguse mwiko, na mlinzi anayeagwa asikae getini. Linaonekana dogo, lakini hutokea: jina lake linaitwa, naye yuko jikoni anapakua. Kodini wapishi wawili wa mtaani na mtafute wa kushika geti.

Wanafunzi wale kwanza, saa sita, kabla ya wageni. Watoto kusimama juani wakitazama wakubwa wanakula ni jambo la aibu. Kwa wanafunzi 400, mchele kilo 40 na maharage kilo 20 yaliyolowekwa tangu usiku. Kwa wageni 100, pilau ya mchele kilo 15, nyama kilo 15, viazi kilo 8, vitunguu kilo 5 na mafuta lita 4. Msiipike yote kwenye sufuria moja: kilo 15 juu ya mafiga huungua chini huku juu ikibaki na kiini. Gawanyeni sufuria mbili.

Ratiba ianze saa nne, chakula cha wageni saa saba. Huharibika kwa sababu mbili. Mgeni rasmi anachelewa, na kila kiongozi aliyeonekana anaombwa "kusalimia". Kubalianeni mapema kwamba ikifika saa nne na nusu mnaanza na kwaya, ngonjera na risala, mgeni atakuta mambo yanaendelea. Salamu zitolewe na mtu mmoja kwa niaba ya serikali ya mtaa na mmoja kwa niaba ya wazazi. Mstaafu apewe dakika kumi kamili mara tu baada ya risala, watu wakiwa bado na masikio. Mwenzi wake akae naye meza kuu, na zawadi wapokee pamoja.

Mkitaka kupanda mti wa kumbukumbu, subirini mvua hata kama sherehe ilikuwa Julai. Shimo la futi mbili kwa mbili, samadi debe moja, umbali wa mita tano au zaidi kutoka ukutani, na darasa moja likabidhiwe kumwagilia. Mti wenye jina la mtu ukikauka, yeye mwenyewe atapita auone.

Halafu nyaraka, ambazo kamati nyingi hazizihesabu kuwa sehemu ya heshima, ingawa mstaafu atazikumbuka kuliko pilau. Miezi sita kabla, mtu mmoja wa ofisini amsaidie kukusanya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa daraja mara ya mwisho, hati ya mshahara na kitambulisho cha taifa, na kutoa nakala za kila kimoja. Kinachokwamisha mafao mara nyingi ni jina: kwenye cheti ni Yohana, kwenye kitambulisho ni John, au jina la ukoo lina herufi iliyozidi. Marekebisho hayo yanataka kiapo na safari za kwenda halmashauri, si kazi ya wiki ya mwisho. Afuatilie pia malipo ya kusafirisha mizigo, ambayo ni haki yake kwa mwajiri. Aliyepewa kazi hii asiiweke chini mpaka pensheni ya kwanza iingie benki, na kwa mpishi na mlinzi, mpaka mwenyekiti wa kamati athibitishe kwamba posho zao zote zilizolimbikizwa zimelipwa.