Picha za mchana Dodoma: sura giza, anga jeupe

Mkuu, unasema ukipiga picha Nyerere Square saa saba mchana kwa lenzi ya 18-55, sura zinatoka giza na anga linakuwa jeupe tupu, na fundi kakwambia kamera ni mbovu. Usimpe hela. Kinachokusumbua ni mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera.

Mita haijui kama inaangalia shela, ukuta wa chokaa au uso wa mtu. Kila kitu inakichukulia kuwa ni kijivu cha kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itapunguza mwanga ili ukuta uwe kijivu, na uso utazama. Msogelee mpaka uso ujaze fremu, inafanya kinyume: inaongeza mwanga, ngozi inapauka kama imepakwa unga. Dawa ni kitufe chenye alama ya +/-, kinachoongeza au kupunguza mwanga wa picha. Ukiwa na ukuta mweupe au anga nyuma ya mtu, anza na +1, ikibidi panda hadi +1.7. Uso mweusi uliojaza fremu, shuka hadi -0.7 hivi. Shela juani nayo ianze na +1, ila fungua histogramu, mchoro wa mwanga kwenye skrini, giza kushoto na weupe kulia: ukirundikana ukingo wa kulia, nakshi za shela zimeungua na huzirudishi kwenye kompyuta.

Jua kali lisilo na wingu lina hesabu yake: ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/125 ya sekunde. Ukifungua tundu hatua moja moja, f/11, f/8, f/5.6, f/4, kila hatua inaingiza mwanga mara mbili, kwa hiyo shata nayo iongezwe kasi mara mbili: 1/250, 1/500, 1/1000, 1/2000. Mwanga unabaki uleule. Kinachobadilika ni kwamba f/4 inafifisha vilivyo nyuma, na f/16 inaonyesha kila kitu, pamoja na vumbi lililoganda kwenye sensa. (Kwa upepo wa huku wakati wa kiangazi, lenzi ibadilishie ndani ya gari, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini.)

Wenye lenzi ya f/1.8 wanakwama hapa. Ikiwa wazi yote mchana inadai shata ya karibu 1/8000, na kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Ifunge hadi f/2.8. Na kabla ya yote tazama ISO; ikiwa imebaki 3200 ya ukumbini jana usiku, hata 1/4000 haikuokoi.

Flashi ndogo ya juu ya kamera? Inasaidia kidogo sana. Ikiwaka, shata haivuki 1/200 au 1/250, hivyo juani unalazimika kwenda f/11, na kwa tundu hilo flashi haifiki mbali zaidi ya mita moja hivi. Bora umpeleke mtu kivulini, pembeni karibu na jua, uso ukitazama nje. Pale mwanga umepungua hatua kama tatu: f/4, 1/250, ISO 100. Udongo mwekundu wa huku ukipigwa na jua unarudisha mwanga usoni kutoka chini, unalainisha vivuli vya macho, ingawa ngozi inapata wekundu kidogo.

Wanaosema lazima utumie M, yaani upange kila kitu mwenyewe, ndiyo ujifunze wanakupotezea muda. Weka A, au Av kwenye Canon (unachagua tundu, kamera inachagua shata), ISO iweke mwenyewe, cheza na +/- tu mpaka uweze kukisia namba kabla ya kubonyeza. M utaihitaji ukumbini, taa zikiwa hazibadiliki. Kwa mkono, kwenye 55mm usishuke chini ya 1/100. Ngoma ya Kigogo ni mchezo mwingine, wachezaji wanaruka: weka S, au Tv kwenye Canon (unachagua shata, kamera inachagua tundu), shata 1/500, na jua likianza kuzama pandisha ISO hadi 800 au 1600. Chenga kidogo zinazoletwa na ISO kubwa unaweza kuzipunguza baadaye, mguu uliotoka ukungu ndiyo basi.